Ludwig Krapf: Aliyeiandika ramani ya bara akiwa Mombasa, wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini

KATIKA ramani zilizochapishwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, pwani ya Afrika Mashariki ilijaa majina. Lamu ilikuwapo, Malindi, Mombasa, Unguja na Kilwa. Lakini kidole kilipotoka ufuoni kuelekea bara, karatasi ilikuwa tupu. Hapakuwa na Mlima Kenya wala Kilimanjaro, na hakuna aliyejua maji ya Mto Tana yalitoka wapi.

Utupu huo ulikuwa wa karatasi, si wa nchi. Katika Mji wa Kale wa Mombasa walikuwako wafanyabiashara waliozijua njia za Uchagani na Ukambani, vituo vya kununulia pembe za ndovu na mahali pa kupata maji katikati ya nyika. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasikiliza maneno yao, kuyaamini na kuyaandika.

Mtu huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyehamia Mombasa mwaka wa 1844. Wengi humkumbuka kwa kazi ya dini na ya lugha ya Kiswahili. Hata hivyo, katika elimu ya jiografia alifanya jambo zito zaidi: jina linalobebwa leo na taifa zima la Kenya liliingia katika maandishi ya dunia kupitia kalamu yake.

Safari ya kulifikisha jina hilo kwenye ramani ilimgharimu Krapf mke, watoto wawili, afya yake na, kwa miaka mingi, heshima yake mbele ya wasomi. Mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Ukambani, aliuawa akimwongoza kuelekea Mto Tana.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita. Katika siku hizo za kulala kitandani alizama katika kusoma, hasa Biblia.

Alipopona alipelekwa shuleni Tübingen, na huko ndiko ramani ya Afrika ilikomvuta. Aliona kwamba pande za Adal na Usomali zilikuwa na majina machache mno, akajiuliza iwapo kweli nchi kubwa kiasi hicho ilikaliwa na fisi peke yao. Muuza vitabu mmoja alimwazima kitabu cha safari za Ethiopia kilichoandikwa na James Bruce, Mskoti wa karne ya 18. Tangu hapo mawazo ya kijana huyo hayakuondoka Afrika.

Mwaka wa 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari mjini Basel, Uswisi, kisha akasoma theolojia Tübingen. Mwaka wa 1837 Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS, lilimtuma Ethiopia. Alifukuzwa kutoka Tigre, lakini alipokewa Shoa na Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko hadi mwaka wa 1842.

Akiwa Shoa alijifunza lugha ya Waoromo, ambao wakati huo waliitwa Wagala, akaweka nia ya kuwafikia katika nchi yao yote hadi kusini. Mwaka huo wa 1842 alimwoa Rosina Dietrich kutoka Basel. Wawili hao walijaribu kurudi Ethiopia wakakuta njia zimefungwa. Katika mahangaiko hayo Rosina alijifungua mtoto wa kike nyikani, mtoto huyo akafa.

Ikiwa mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa, Krapf aliwaza, basi huenda wa kusini ulikuwa wazi. Mwishoni mwa mwaka wa 1843 aliondoka Aden kwa jahazi, akateremka pwani ya Afrika Mashariki. Njiani alisikia habari za Wakamba, watu wa bara walioleta pembe za ndovu pwani. Januari 1844 alifika Unguja, akaonana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar.

Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Barua hiyo ilimfungulia Mombasa, mji uliokuwa umeingia mikononi mwa Mabusaidi mwaka wa 1837 baada ya kuanguka kwa utawala wa Wamazrui. Mei 1844 Krapf na mkewe walihamia kisiwani humo.

Mombasa ya siku hizo ilikuwa mji mdogo uliobanana upande wa mashariki wa kisiwa, chini ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalitia nanga katika Bandari ya Kale. Kutoka upande wa pili, kwa mitumbwi na kwa miguu, zilikuja bidhaa za bara: pembe za ndovu, sandarusi, nafaka na mifugo.

Miezi miwili haikutimia kabla ya msiba kubisha hodi. Krapf na mkewe walishikwa na homa kali, Rosina akiwa mjamzito. Julai 1844 alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 ya mwezi huo Rosina alifariki dunia, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf, mwenyewe akiwa hawezi hata kusimama vizuri, aliwazika ng'ambo ya bandari, upande wa Nyali, mahali ambapo kaburi hilo lipo hadi leo.

Wengi katika hali yake wangepanda jahazi la kwanza na kurudi kwao. Krapf alibaki, akaandika kwa wakuu wake London kwamba kaburi hilo lilikuwa mwanzo wa kazi. Kazi ya kwanza aliyoishika ilikuwa lugha, kwa kuwa aliona wazi kwamba asiyejua Kiswahili hawezi kuijua nchi.

Juni 1844, hata kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha Mombasa. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Jambo hilo linafaa kuangaliwa kwa makini. Kadhi Mwislamu na mmisionari Mkristo, kila mmoja akiijua imani ya mwenzake na asiyeshiriki, waliketi pamoja juu ya maneno. Krapf alijifunza hapo kwamba Mombasa ilikuwa mji wa wasomi, wenye maandishi yake kwa herufi za Kiarabu na ushairi wake wa kale.

Kiswahili kilipomkaa vizuri kinywani, Krapf alianza kuuliza maswali ya nchi. Aliwauliza Waswahili waliokuwa wakienda Uchagani. Aliwauliza Wakamba waliofika na pembe zao, na Wamijikenda waliokaa kwenye vilima nyuma ya kisiwa. Alitaka kujua mto gani unafuata baada ya mwingine, ni mwendo wa siku ngapi kutoka kilima hiki hadi kile, watu gani wanaishi ng'ambo ya maji, na jina la kila mahali linatamkwaje na wenyewe.

Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Agosti mwaka huo walihamia Rabai, kwenye vilima vya bara kaskazini-magharibi mwa kisiwa, baada ya wazee wa Rabai kuwakubalia kukaa. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wagonjwa, kiasi cha kupanda vilima hivyo kwa taabu kubwa. Miaka mitatu baadaye alijiunga nao Jakob Erhardt, naye Mjerumani.

Rebmann ndiye aliyetangulia kuona. Aprili 1848 aliondoka Rabai pamoja na kiongozi wa misafara Mswahili, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Mei 11 mwaka huo, walipokuwa wakikaribia Uchagani, Rebmann aliona weupe juu ya mlima mrefu. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu la Kiswahili, yaani baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, hakuhitaji maelezo mengine.

Krapf naye alikuwa na safari zake. Mwaka wa 1848 alikwenda Usambara, akapokewa na Mfalme Kimweri. Novemba 1849 alielekea Ukambani, na akiwa njiani akakiona kwa macho yake Kilimanjaro alichokiona Rebmann. Mwishoni mwa mwezi huo alifika Kitui, nyumbani kwa Kivoi.

Kivoi alikuwa mtu mwenye sifa kubwa. Misafara yake ya pembe iliteremka hadi pwani, na biashara yake ilifika mbali kaskazini, hadi kwa watu waliokaa chini ya mlima mkubwa. Ndiye aliyemweleza Krapf kwamba mbele, ng'ambo ya Mto Tana, upo mlima wenye kitu cheupe kileleni. Mtu mmoja kutoka Embu alimweleza kwamba baridi ya huko haivumiliki, na kwamba kitu hicho cheupe mara nyingine huporomoka kwa kishindo kikubwa.

Desemba 3, 1849, mawingu yalifunguka kwa muda mfupi. Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui: ukuta mpana, na juu yake vilele viwili vilivyosimama kama pembe au nguzo, vikiwa na weupe. Kisha mawingu yakafunga tena.

Wakikuyu waliuita mlima huo Kirinyaga. Wakamba waliuita Kiinyaa. Krapf aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, kwa tahajia zilizobadilikabadilika katika maandishi yake, na tahajia iliyodumu kwa wachoraji wa ramani ikawa Kenia, baadaye Kenya. Mwaka wa 1920 Waingereza walilifanya kuwa jina la koloni, na Desemba 12, 1963 likawa jina la nchi huru.

Habari za milima hiyo miwili zilichapishwa London katika jarida la CMS, na hapo ndipo vita vya maneno vilipoanza. Aliyeongoza upinzani alikuwa William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ya Afrika aliyeheshimiwa sana na ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1852 alizikana taarifa za theluji, akaziona kuwa ni mambo ya watu waliodanganywa na macho na kuvutwa na hisia.

Haikuwa kwamba theluji kwenye ikweta ni muujiza. Wasomi wa Ulaya walikwishajua tangu zamani kwamba milima ya Andes, huko Amerika Kusini, ina theluji juu ya mstari huohuo. Ubishi ulihusu mashahidi. Kwa upande mmoja walikuwako wamisionari wawili maskini, na nyuma yao Bwana Kheri, Kivoi na mtu wa Embu. Kwa upande wa pili ilikuwako maktaba ya London. Kwa wengi maktaba ilishinda.

Krapf alijibu kwa maandishi, akaeleza kwamba hakutegemea jicho lake pekee. Watu waliokaa chini ya milima hiyo walijua kuwa weupe ule hugeuka maji, na mito iliyotiririka kutoka juu hata wakati wa kiangazi ilikuwa ushahidi wa kutosha. Mwaka wa 1850 alirudi Ulaya kwa muda. Mjini Berlin alionana na Alexander von Humboldt na Karl Ritter, wanajiografia wakubwa wa zama hizo, waliompa sikio ambalo Cooley alimnyima.

Kabla ya kwenda Ulaya, mwanzoni mwa mwaka huo, yeye na Erhardt walikuwa wamesafiri kwa jahazi kutoka Mombasa kuelekea kusini hadi Rasi ya Delgado, wakiuliza katika kila bandari juu ya njia za bara. Kila mahali waliambiwa habari za maji makuu yaliyo ndani ya nchi. Habari hizo zingekuja kuzaa jambo kubwa miaka michache baadaye.

Julai 1851 Krapf aliondoka tena Rabai kwenda kwa Kivoi. Safari hii alikusudia kuufikia Mto Tana wenyewe na kujua chanzo chake. Njiani msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi, lakini alifika. Agosti, Kivoi alikubali kumpeleka mtoni pamoja na watu wake.

Walikuwa wamekaribia sana mto waliposhambuliwa na kundi kubwa la watu. Kivoi aliuawa hapohapo pamoja na baadhi ya wafuasi wake, na waliosalia wakatawanyika. Krapf alijikuta peke yake msituni, hana chakula, hana maji, hajui njia.

Kiu ndiyo iliyomwongoza. Alitafuta mstari wa miti mirefu, akauona, akafika kwenye Tana. Mto alioutamani kwa miaka mingi aliufikia akiwa mkimbizi. Alikunywa, kisha akatafuta chombo cha kubebea maji asikione. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki yake, akaiziba, akaanza kurudi.

Alitembea usiku na kujificha mchana. Maji ya bundukini yalimwagika vichaka vilipong'oa vizibo. Alitafuna majani na mizizi, hata akajaribu kula baruti. Siku moja alifika kwenye mkondo wa mto uliokauka, akakuta shimo lililochimbwa mchangani na nyani, na ndani yake maji. Alikiri kwamba nyani hao ndio waliomwokoa.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Aliulizwa kwa nini mgeni amerudi hai ilhali mwenyeji amekufa. Katika desturi ya nchi hilo lilikuwa swali la haki, na Krapf hakuwa na jibu la kuwatuliza wafiwa. Akihofia maisha yake alitoroka usiku. Mwishoni mwa Septemba 1851 aliingia Rabai akiwa amedhoofika mno, mahali ambapo habari za kifo chake zilikuwa zimekwisha kumtangulia.

Kivoi hakuwa mtumishi wa Krapf. Alikuwa na shughuli zake kwenye mto huo na wapinzani wake mwenyewe. Hata hivyo, bila yeye Krapf asingeuona mlima wala mto, na kifo chake kilifunga njia hiyo ya Ukambani. Miaka mingi ilipita kabla ya Mzungu mwingine kufuata habari za mlima ule.

Mwaka wa 1853, afya yake ikiwa imevunjika, Krapf aliondoka Mombasa. Rebmann alibaki Rabai, akakaa huko jumla ya miaka 29 hadi alipopofuka. Erhardt alikaa kwa muda Tanga, akiendelea kuwahoji wafanyabiashara wa misafara, kisha naye akarudi Ulaya akiwa na ramani.

Ramani hiyo, iliyotolewa kwa jina la Erhardt na Rebmann mwaka wa 1855, ilionyesha katikati ya Afrika ziwa moja kubwa ajabu, lililojikunja kama konokono asiye na gamba. Ilikuwa na kosa, lakini kosa lenyewe lina somo. Watu wa Mombasa, wa Tanga, wa Bagamoyo na wa Kilwa walisema kweli kwamba njia zao za bara huishia kwenye maji makuu. Waandishi ndio waliodhani kwamba maji hayo yote ni mamoja. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Nyanza, lililokuja kuitwa Victoria, Tanganyika na Nyasa.

Wasomi wa London walishangaa, wengine wakacheka, lakini safari hii hawakuweza kunyamaza. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimtuma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kuhakikisha. Mwanzoni mwa mwaka wa 1857 wawili hao walipitia Mombasa na kumtembelea Rebmann Rabai. Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika, na Agosti 3 mwaka huohuo Speke akaliona Ziwa Nyanza upande wa Mwanza.

Krapf pia alikuwa na makosa yake. Aliamini kwamba sehemu ya maji ya Mlima Kenya huenda hadi kwenye Mto Nile. Sivyo. Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, hupokea maji ya mlima huo na ya safu ya Aberdare na kuyamwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Nile Nyeupe hutoka Ziwa Nyanza, upande wa Jinja, Uganda.

Kuhusu theluji, hata hivyo, ukweli ulikuwa upande wake na wa Rebmann. Mwaka wa 1861 Baron Carl Claus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton walikwenda Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Cooley aliendelea kubisha. Mwaka wa 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti kutoka Ribe, alipanda hadi kuigusa theluji hiyo.

Mlima Kenya ulichukua muda mrefu zaidi. Joseph Thomson, aliyeanzia safari yake Mombasa mwaka wa 1883, aliuona kutoka upande wa Laikipia na kuthibitisha weupe wake. Krapf alikuwa amekwisha kufa. Septemba 13, 1899, Halford Mackinder na wenzake wawili walifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, mmoja wa vilele viwili ambavyo Krapf alivifananisha na pembe.

Maisha yake ya baadaye Krapf aliyapitisha zaidi Korntal, Ujerumani. Mwaka wa 1858 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha safari zake, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka wa 1860. Mwaka wa 1862 alirudi pwani kwa miezi michache kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, karibu na Rabai. Mwaka wa 1867 aliajiriwa kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Ethiopia, lakini ugonjwa ulimrudisha nyumbani.

Alitumia miaka yake ya mwisho kuikamilisha kamusi ya Kiswahili aliyoianza Mombasa. Rebmann, aliyerudi Ulaya akiwa kipofu mwaka wa 1875, alifariki Korntal Oktoba 4, 1876. Krapf alimfuata Novemba 26, 1881, na kuzikwa katika makaburi ya mji huohuo. Kamusi ilichapishwa London mwaka wa 1882. Hakuiona.

Kazi ya kuiandika nchi kwa kuwasikiliza wenyeji haikukoma alipoondoka. Thomas Wakefield, mmoja wa Wamethodisti wa Ribe, alikaa na Sadi bin Ahedi, mtu wa njia za misafara kutoka pande za Gazi, akaandika kituo baada ya kituo njia za kwenda Umasaini na mbali kaskazini. Maelezo hayo yalichapishwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia mwaka wa 1870, na safari hii jina la Sadi liliwekwa katika anwani ya makala yenyewe.

Machi 1888 Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa la jangwa la kaskazini, lenye visiwa vyake vitatu na Mto Omo unaolijaza kutoka Ethiopia. Msafara wao ulikuwa na kiongozi Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Ziwa hilo waliliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka wa 1975 likapewa jina la Turkana. Hapo inaonekana tofauti ya Krapf na wengi waliomfuata: milima yake haikubadilishwa majina, kwa kuwa aliiandika kwa majina aliyoyasikia.

Ramani hizo hazikubaki mikononi mwa wasomi. Mwaka wa 1888 kampuni ya Kiingereza ilipewa hati ya kuitawala nchi hiyo, na mwaka wa 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Majina waliyoyataja wafanyabiashara kwa mgeni aliyejua Kiswahili yakawa vituo vya serikali ya kigeni. Krapf alikusudia mnyororo wa vituo vya dini kutoka bahari hadi bahari. Njia alizozichora zilipitiwa na watu wenye makusudi mengine.

Leo mto uliokaribia kumwangamiza kwa kiu huendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kindaruma na Kiambere. Rabai kuna jumba la makumbusho. Nyali, katikati ya nyumba za kisasa, kuna mnara wa ukumbusho karibu na kaburi la Rosina na mtoto wake. Kivoi anakumbukwa zaidi katika masimulizi ya Wakamba kuliko katika vitabu vya jiografia.

Na ile theluji ambayo Cooley aliikana kutoka kitini mwake London inatoweka. Barafu ya Mlima Kenya imepungua sana katika miaka mia moja iliyopita, na wanasayansi wanaonya kwamba huenda ikaisha kabisa. Siku hiyo ikifika, mtoto wa shule wa Kitui atakayeutazama mlima asubuhi ya mawingu machache hatauona weupe alioonyeshwa Krapf. Itambidi, kama Krapf, awasikilize waliouona kabla yake na kuwaamini.